Somo: Kupiga picha za ndege na mabango ya neoni, Tucson

Wengi hutenga siku ya ndege na siku ya mabango. Naona ni kujichosha bure. Hapa Tucson, Arizona, bango kuukuu la moteli ni kituo cha ndege: njiwa hupumzika juu yake, shorewanda hujenga kwenye herufi zilizotoboka, na kipanga wa Cooper, anayezaliana mjini kwa wingi, huwafuata njiwa hao hao. Chagua bango, kisha mngoje ndege.

Hatua ya 1. Pita mchana bila kamera. Barabara ya Drachman, karibu na chuo cha Pima, kuna mabango yaliyokarabatiwa, pazuri kuanzia. Angalia madoa meupe ya vinyesi. Hapo ndipo ndege anapotua.

Hatua ya 2. Uwe umefika dakika 40 kabla ya jua kuchomoza, mbingu ikiwa bado ya buluu na bango linawaka.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi hukwama. Umeme wa Marekani ni hezi 60, hivyo neoni yenye transfoma ya zamani hukonyeza mara 120 kwa sekunde. Ukipiga kwa kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde, herufi nyingine zitatoka zimefifia. Tumia 1/60, kamera ikiwa kwenye traipodi. Kasi hiyo haimkamati ndege arukaye, kwa hiyo achana naye. Mtake aliyetua, awe kivuli cheusi mbele ya buluu.

Halafu kuna wekundu. Gesi ya neoni yenyewe huwaka nyekundu ya machungwa (buluu hutokana na agoni na zebaki), na wekundu huo huungua upesi (hujaa mwanga hadi maelezo yake yapotee) hata kama histogramu ya jumla, yaani grafu ya mwanga kwenye kamera, inaonekana salama. Fungua histogramu ya kila rangi, punguza mwanga, piga RAW (faili ghafi la kamera, lisilobanwa kama JPEG).

Hatua ya 4. Jua likipanda, fungasha. Joto la lami hufanya hewa icheze na herufi zipinde. Mimi nililaumu lenzi mwezi mzima!

MASWALI

Mkuu, simu inatosha?
Kwa bango, sana. Ndege atatoka nukta tu, labda bango liwe fupi.

Nikimwekea havelina (mnyama wa mwituni afananaye na nguruwe) chakula apite chini ya bango?
Usithubutu. Sheria ya Arizona inakataza kulisha wanyamapori katika kaunti hii ya Pima, ndege na kuchakulo tu ndio hawamo. Tena havelina aliyezoea kulishwa huwa msumbufu kwa majirani.

Mwenye moteli akinifukuza je, kaka?
Ukiwa kwenye njia ya umma ya waenda kwa miguu, unaruhusiwa kupiga kinachoonekana. Lakini mimi huingia kumsalimu kwanza. Yeye ndiye mwenye swichi ya taa.