Kuchagua na Kutumia Mbegu za Kiume za Mchangiaji: Mwongozo kwa Wanaotafuta Mtoto

Kabla ya kufungua orodha ya wachangiaji, thibitisha kwanza kwamba mbegu za mtu mwingine zinahitajika kweli. Kwa mwanamke asiye na mwenzi wa kiume jibu liko wazi. Kwa mume na mke walioambiwa kwamba shahawa za mume hazina mbegu hata moja, haliko wazi kiasi hicho, kwa sababu hali hiyo ina sura mbili: huenda korodani zinatengeneza mbegu kama kawaida ila njia ya kutokea imeziba, au korodani zenyewe hazitengenezi, ama zinatengeneza kidogo mno. Katika hali ya kwanza, na mara nyingine hata katika ya pili, daktari bingwa anaweza kuzichukua mbegu kutoka kwenye korodani kwa upasuaji mdogo, kisha mbegu moja ikadungwa ndani ya yai katika maabara. Mimba za kwanza za njia hiyo ya kudunga ziliripotiwa mwaka 1992 na madaktari wa Brussels. Mwanamume aliyepata majibu ya namna hiyo arudie kipimo, apimwe homoni na kromosomu, na amuulize daktari waziwazi kama upasuaji huo unamfaa. Wapo pia wanaochagua mchangiaji kwa sababu mume amebeba ugonjwa mzito wa kurithi, nayo ni sababu ya kutosha.

Mwanamke naye achunguzwe kabla ya kulipia hata kichupa kimoja. Mirija ya uzazi ipimwe kwa eksirei yenye dawa ya rangi au kwa ultrasaundi, kwa kuwa mbegu zinazowekwa kwenye mfuko wa uzazi hazifiki popote ikiwa mirija yote miwili imeziba. Akiba ya mayai ipimwe, kinga ya rubela iangaliwe, na vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, vianze kabla ya mimba kutungwa.

Benki ya mbegu au mtu unayemfahamu

Njia ya kawaida ni kupitia benki ya mbegu au kliniki ya uzazi yenye leseni. Mchangiaji hupimwa VVU, homa ya ini aina ya B na C, kaswende, kisonono na klamidia, kisha mbegu zake hugandishwa na kuhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa desturi mbegu hizo huzuiliwa kwa miezi 6, mchangiaji akapimwa tena, ndipo zikaruhusiwa kutumika, kwa sababu mtu aliyeambukizwa VVU siku chache kabla ya kutoa mbegu anaweza kuonekana mzima kwenye kipimo cha siku hiyo. Vipimo vinavyotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe vimeufupisha muda huo katika baadhi ya nchi, lakini swali la kuuliza halijabadilika: je, mchangiaji huyu alipimwa tena baada ya kutoa mbegu, au mara moja tu?

Wengine hupendelea rafiki au mtu wanayemjua, na wana hoja nzuri, kwani mtoto atajua alikotoka tangu mwanzo. Hata hivyo, shahawa mbichi zilizoletwa kwenye kikopo hazimpi mtu yeyote nafasi ya kugundua maambukizi. Njia salama ni kumpeleka rafiki huyo kliniki, apimwe na mbegu zake zigandishwe kama za mchangiaji mwingine yeyote. Zaidi ya afya kuna sheria. Nchini Uingereza, mwanamume aliyechangia kupitia kliniki yenye leseni si baba wa mtoto kisheria, ilhali aliyetoa mbegu nyumbani, nje ya kliniki, anaweza kuhesabiwa kuwa baba pamoja na haki na wajibu wote. Nchi nyingine zina kanuni zake, na makubaliano mliyoandikiana wenyewe mezani huenda yasiifunge mahakama. Mwone wakili kabla ya mimba, si baada ya kuzaliwa mtoto.

Kuhusu wanaume wanaojitangaza mitandaoni kwamba wanatoa mbegu bure, ninashauri kukaa mbali nao. Mwaka 2023 mahakama ya The Hague nchini Uholanzi ilimzuia mchangiaji mmoja asiendelee kutoa mbegu kwa wazazi wapya baada ya kubainika kwamba alikuwa na watoto wasiopungua 550, na kwamba alikuwa amewadanganya wazazi kuhusu idadi hiyo.

Mpangilio wa kuchagua

Orodha za benki hukuonyesha kwanza rangi ya macho, urefu, elimu, picha ya utotoni na hata sauti ya mchangiaji akijieleza. Mpangilio huo unauza, lakini kwa mtu anayechagua ni wa kichwa chini miguu juu. Anza na mambo yanayoweza kumdhuru mtoto, fuatisha yatakayomhusu akiwa mtu mzima, na sura ije mwisho kabisa.

La kwanza ni jeni. Karibu kila mtu amebeba hitilafu chache zisizomletea ugonjwa wowote, na hatari hutokea pale ambapo wazazi wote wawili wamebeba hitilafu ya jeni ileile. Mwanamke aliyebeba jeni moja ya selimundu bila kuugua akitumia mbegu za mchangiaji mwenye hali kama yake, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ugonjwa wenyewe. Hesabu ni hiyohiyo kwa thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, na kwa magonjwa mengine ya kundi hilo. Kwa hiyo anayepimwa kwanza ni mwanamke, na majibu yake ndiyo yanayochuja orodha. Mchangiaji aliyebeba hitilafu fulani si lazima akataliwe, mradi mwanamke amepimwa jeni hiyohiyo na kuonekana hanayo. Omba orodha ya magonjwa yaliyopimwa, kwa kuwa maneno "hana hitilafu" yana maana ya kwamba hana katika yale aliyopimwa, na benki moja hupima mengi kuliko nyingine.

Soma pia historia ya ukoo wa mchangiaji, vizazi vitatu ikiwezekana, ukiangalia umri ambao ndugu zake waliugua. Babu aliyepata saratani ya utumbo akiwa na miaka 80 si jambo la kukutisha. Shangazi wawili waliopata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 45 ni jambo la kumpelekea mshauri wa masuala ya jeni. Hakuna uchunguzi unaoziba kila tundu. Mwaka 2025 iliripotiwa kwamba mbegu za mchangiaji mmoja wa Ulaya, ambaye mwenyewe alikuwa mzima, zilikuwa na kasoro katika jeni ya TP53 inayoongeza sana hatari ya saratani, na kwamba zilikuwa zimetumika kuzaa watoto wasiopungua 67 katika nchi kadhaa. Kipimo cha kawaida cha wakati huo hakikuitafuta kasoro hiyo.

Katika damu kuna mambo mawili ya kuangalia. Virusi viitwavyo CMV haviwasumbui sana watu wazima wenye afya, ila vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke ambaye hajawahi kuambukizwa kwa kawaida hushauriwa kuchagua mchangiaji ambaye naye hajaambukizwa. Mwanamke mwenye damu ya rhesasi hasi hakatazwi kuchagua mchangiaji mwenye rhesasi chanya, lakini daktari wake lazima ajue mapema ili sindano ya kinga itolewe kwa wakati.

Jambo linalofuata ni utambulisho. Sweden iliondoa usiri wa wachangiaji mwaka 1985, na nchini Uingereza yeyote aliyezaliwa kwa mbegu zilizotolewa na mtu aliyejiandikisha kuanzia tarehe 1 Aprili 2005 anaweza kumjua mchangiaji wake akitimiza miaka 18. Kwingineko bado unaweza kuchagua kati ya mchangiaji wa siri na yule aliyekubali kujulikana. Ushauri wangu ni kumchukua aliyekubali kujulikana, hata kama leo mnaona haliwahusu. Siri yenyewe imekwisha nguvu: kipimo cha vinasaba kinachofanywa kwa mate kinaweza kumkutanisha kijana na binamu wa mchangiaji, na kutoka kwa binamu hadi kwa mchangiaji safari si ndefu. Ni afadhali mtoto ampate mtu aliyeridhia tangu mwanzo kutafutwa kuliko amfumanie asiyetarajia.

Uliza vilevile mchangiaji anaruhusiwa kutumiwa na familia ngapi. Uingereza huweka kikomo cha familia 10, lakini kikomo cha nchi moja hakihesabu watoto waliozaliwa kwa mbegu zilizosafirishwa nje. Swali kamili basi ni hili: familia ngapi duniani kote, na nani anayezihesabu?

Baada ya hapo, chagua sura unayoipenda. Wanandoa wengi humtafuta mtu anayefanana na mume, na hakuna ubaya. Ila ikiwa sababu ni kumficha mtoto ukweli maisha yote, zungumzeni kwanza na mshauri nasaha. Shahada ya chuo kikuu isikugharimu zaidi. Hairithiwi kama rangi ya macho.

Kichupa chenyewe

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Vichupa huuzwa kwa aina mbili: mbegu zilizosafishwa na zisizosafishwa. Zisizosafishwa zingali na majimaji ya shahawa, ambayo yakiingizwa moja kwa moja kwenye mfuko wa uzazi husababisha maumivu makali ya kukaza. Hizo ni lazima maabara izisafishe kwanza. Waulize kliniki wanataka aina gani kabla ya kuagiza. Angalia pia alama ya uwezo wa kuogelea. Kichupa chenye alama ya MOT20 kina mbegu milioni 20 zinazoogelea katika kila mililita, lakini kichupa kwa kawaida hubeba nusu mililita tu, kwa hiyo unanunua milioni 10. Cha MOT10 kina milioni 5, na kliniki nyingi hazipendi kushuka chini ya hapo kwa upandikizaji wa kwenye mfuko wa uzazi. Kwa utungishaji wa maabara, ambapo kila yai hudungwa mbegu moja, hata kichupa hafifu kinatosha mayai yote ya mzunguko mmoja.

Mkitaka mtoto wa pili wa mchangiaji yuleyule, wekeni akiba mapema, maana mchangiaji mzuri huisha. Mbegu zilizogandishwa vizuri hazichachi. Watoto wamezaliwa kwa mbegu zilizohifadhiwa zaidi ya miaka 20.

Siku ya kupandikiza

Mbegu zilizoyeyushwa huishi takribani siku moja, ilhali mbegu mbichi zinaweza kuishi hadi siku 5, na yai lenyewe hudumu saa 12 hadi 24. Dirisha ni jembamba, na ndiyo maana muda ni muhimu kuliko karibu kila kitu kingine. Kliniki hufuatilia yai kwa ultrasaundi au kwa kipimo cha mkojo kinachoonyesha kupanda kwa homoni ya LH, na mara nyingi hutoa sindano ya homoni iitwayo hCG ili yai lipevuke kwa saa inayojulikana. Mbegu huwekwa saa 24 hadi 36 baadaye.

Kabla kichupa hakijafunguliwa, omba kukiona. Namba ya mchangiaji iliyo kwenye lebo isomwe kwa sauti, ilinganishwe na fomu uliyosaini, na ndipo kazi iendelee. Muuguzi mzuri hataudhika. Daktari hupitisha mrija laini kwenye mlango wa kizazi na kuingiza majimaji yasiyozidi mililita moja. Hutumia dakika chache tu, na maumivu huwa kama ya hedhi. Kipimo cha mimba hufanywa baada ya siku 14. Ukiwa umedungwa hCG usiharakishe, kwa sababu dawa hiyo yenyewe huonekana kwenye kipimo kana kwamba ni mimba.

Mara ya kwanza kushindwa ni jambo la kawaida. Mkiwa mmejaribu mara 3 hadi 6 bila mafanikio, kaeni na daktari mfikirie utungishaji wa maabara. Mwanamke aliyekaribia miaka 40 asingoje kiasi hicho.

Hifadhi wasifu wote wa mchangiaji, namba yake na jina la benki mahali ambapo mtoto atavipata, na anza kumsimulia mtoto asili yake angali mdogo, ili asikumbuke siku ambayo hakujua. Iarifu benki mtoto anapozaliwa, na uiarifu tena akipatikana na ugonjwa wowote unaoweza kuwa wa kurithi, kwa sababu familia nyingine zinazotumia mchangiaji huyohuyo hazina njia nyingine ya kujua. Vichupa vilivyobaki viandikiwe maagizo ya maandishi: nani mwenye haki navyo mkiachana au mmoja wenu akifariki, na lini viharibiwe.