Somo: Kupata kibali cha ukaazi Ugiriki kwa kununua nyumba

Wengi mliomba somo hili liguse Hispania na Ureno pia. Hispania ilifunga mlango huo tarehe 3 Aprili 2025, na Ureno iliacha kukubali ununuzi wa nyumba mwezi Oktoba 2023, ingawa bado inapokea fedha zinazowekwa katika mifuko ya uwekezaji. Kwa hiyo nitazungumzia Ugiriki peke yake, na nitakaa zaidi kwenye hatua ya tatu, kwa sababu ndipo fedha za watu zinapopotea. Nyumba ikiwa safi, kibali chenyewe hakina vita kubwa.

Hatua ya kwanza: Fahamu kiwango cha eneo unalolitaka

Mpango huu, ambao wengi wanauita viza ya dhahabu, ulianza mwaka 2013 kwa kiwango cha yuro 250,000 popote nchini. Sheria namba 5100 ya mwaka 2024 ilibadilisha hesabu hiyo. Mkoa wa Attica, yaani Athens na viunga vyake, pamoja na Thessaloniki, Mykonos, Santorini na visiwa vyote vyenye wakazi zaidi ya 3,100, sasa ni yuro 800,000. Kwingineko, kama vile Kalamata au Volos, ni yuro 400,000. Katika viwango vyote viwili ni lazima ununue nyumba moja tu, yenye eneo la kuishi lisilopungua mita za mraba 120. Kiwango cha 250,000 kimebaki kwa jengo la biashara lililogeuzwa kuwa makazi, au jengo la kihistoria linalokarabatiwa. Dalali akikutajia 250,000, muulize kwanza kama ugeuzaji huo umekamilika, kwa kuwa unatakiwa uwe umekamilika kabla ya kuomba kibali.

Hatua ya pili: Wakili, namba ya mlipakodi na njia ya fedha

Tafuta wakili wako mwenyewe, si yule anayeletwa na muuzaji. Ukimpa hati ya uwakilishi, atakuombea namba ya mlipakodi ya Kigiriki, yenye tarakimu tisa, ambayo bila hiyo huwezi kusaini chochote cha maana. Malipo ya nyumba hupita benki, si mkononi, na benki itataka kujua fedha zimetoka wapi. Aliyeuza kiwanja Kigamboni aandae mkataba wa mauziano, risiti ya kodi aliyolipa na taarifa ya benki inayoonyesha fedha zikiingia. Haya yaandaliwe kabla ya kuchagua nyumba, maana muuzaji hatakusubiri miezi mitatu ukihangaikia karatasi.

Hatua ya tatu: Kagua nyumba kabla ya kutoa arubuni

Mwaka jana nilimsaidia mteja aliyependa nyumba moja iliyotangazwa kuwa na mita za mraba 126. Tulipoletewa hati ya umiliki, tuliijumlisha mstari kwa mstari: vyumba, sebule, jiko na maliwato vilifika 113, na zilizobaki zilikuwa za stoo iliyoko chini ya jengo. Stoo haiingii katika eneo la kuishi, wala baraza la nje haliingii. Nyumba ilikuwa nzuri na bei ilikuwa sawasawa, lakini isingempa kibali, na tayari alikuwa amekwisha kumwahidi dalali kwa simu kwamba atatuma arubuni siku hiyo hiyo.

Wakili apekue masijala ya ardhi kuona kama nyumba ina rehani, kesi au mrithi ambaye hajasaini. Mhandisi naye alinganishe nyumba na ramani iliyoidhinishwa, kwa kuwa roshani iliyozibwa ikawa chumba bila kibali cha ujenzi itakwamisha uhamisho wa umiliki mpaka ihalalishwe.

Hatua ya nne: Mkataba

Kodi ya uhamisho, asilimia 3.09, hulipwa kabla ya kusaini mbele ya notari, yaani mwanasheria rasmi anayethibitisha mikataba. Muuzaji akikushawishi muandike bei ndogo ili kuokoa kodi hiyo, kataa, kwa sababu kinachotazamwa ni kiasi kilichoandikwa na kulipwa kwa njia ya benki.

Hatua ya tano: Maombi

Wakili huwasilisha maombi kwa njia ya mtandao, akiambatanisha bima ya afya na ada ya yuro 2,000 kwa mwekezaji. Mwenza, watoto walio chini ya miaka 21 na wazazi wa pande zote mbili wanaweza kujumuishwa. Alama za vidole hutolewa Ugiriki kwenyewe, hivyo Mtanzania au Mkenya ahesabu pia muda wa kuomba viza ya kawaida ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ugiriki na Ujerumani zikiwemo. Kadi hudumu miaka mitano na huhuishwa maadamu nyumba bado ni yako.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Mimi na dada yangu tunaweza kuchangia nyumba moja ya 400,000?

Marahaba. Mnaweza kuinunua, lakini haitawapa vibali, kwa kuwa kila mmoja anatakiwa afikishe kiwango chote kwa fungu lake. Wanaosamehewa sharti hilo ni mume na mke.

Naweza kuipangisha kwa watalii ili irudishe fedha?

Hapana. Upangishaji wa muda mfupi umekatazwa kwa nyumba hizi, na adhabu yake ni faini ya yuro 50,000 pamoja na kufutiwa kibali. Mpangaji wa muda mrefu anaruhusiwa, na mapato hayo hutozwa kodi huko huko.

Kibali hiki kitaniruhusu kufanya kazi Ujerumani?

Hakikuruhusu kuajiriwa hata Ugiriki. Ujerumani utaingia kama mgeni, siku zisizozidi 90 katika kila siku 180.

Je, nitapoteza uraia wa Tanzania?

Kwa kibali cha ukaazi, hapana. Uraia wa Kigiriki ni safari nyingine, inayodai miaka saba ya kuishi kule kweli na mtihani wa lugha, na mtu mzima akiuchukua kwa hiari yake ndipo sheria ya Tanzania inapomvua wa kwake. Wakenya wana ruhusa ya uraia pacha tangu Katiba ya 2010.

Nikiuza nyumba baadaye?

Kibali kinakoma, chako na cha familia. Mnunuzi wako, kama naye anatafuta kibali, atapimwa kwa kiwango cha siku hiyo atakayonunua, kwa hiyo usiweke katika hesabu zako kwamba nyumba itauzika pamoja na haki ya ukaazi.