Kabla hujanunua baiskeli ya chuma ya safari ndefu yenye breki za diski, kagua haya

Watu wengi wakianza kutafuta baiskeli ya safari ndefu, ile ya kubeba mizigo na kulala njiani, cha kwanza wanauliza ina gia ngapi na cha pili ni kampuni gani, mimi naona hapo ndo tunapoanzia vibaya. Gia zinabadilishika, siti inabadilishika, tairi ndo kabisa, lakini fremu na foki ukishachukua umechukua, huwezi kuja kuongeza tundu la keria au nafasi ya tairi pana baadaye. Kwa hiyo macho na pesa vianzie huko, mbwembwe zingine zifuate.

Kwanza chuma chenyewe. Kuandikwa tu kwamba ni chuma haitoshi. Kuna chuma cha kawaida, mabomba yake inabidi yawe mazito ndo yahimili, afu kuna kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, mara nyingi utaona namba 4130. Reynolds, kampuni ya Uingereza inayotengeneza mabomba ya fremu, wana namba zao, 520 na 525 ni ukoo huohuo wa kromoli, 631 na 853 ni imara zaidi hivyo bomba linaweza kufanywa jembamba zaidi. Ile 531 unayoikuta kwenye fremu za zamani ilitoka 1935, ni chuma kizuri sana mpaka leo, ila fremu zake nyingi zilitengenezwa breki za diski bado hazijaingia kwenye baiskeli za barabarani kwa hiyo usitegemee kukuta sehemu ya kufungia kalipa, yaani kile kifaa kinachobana diski. Na uliza kuhusu foki na sehemu ya nyuma, maana kuna baiskeli zimeandikwa kromoli kwa herufi kubwa kumbe ni yale mabomba matatu ya katikati tu.

Kuna hii stori pia kwamba fremu ya chuma ikikatika popote, fundi yeyote wa mageti atakuchomelea uendelee na safari. Ni kweli nusu. Mabomba mengi ya kromoli yana unene kwenye ncha na ni membamba katikati, unaweza kukuta milimita 0.6 tu, sasa fundi aliyezoea vyuma vya geti akiweka moto pale anatoboa tundu badala ya kuziba. Kwenye maungio anaweza kukusaidia ufike mjini, lakini usinunue fremu kwa ahadi hiyo. Nunua chuma kwa sababu kinavumilia mikwaruzo na kugongwagongwa, na kikianza kuchoka mara nyingi kinaonyesha ufa kabla hakijaachia. Kutu nayo usiichukulie poa, inaanzia ndani ambako huoni, so kabla ya kufunga vitu vyote pulizia mafuta ya kuzuia kutu ndani ya mabomba na bomba la siti lipake grisi, la sivyo siku moja litagoma kutoka.

Sasa matundu ya bolti, hapa kaa chini uhesabu kabisa. Nyuma unataka matundu ya keria na ya madigadi yawe tofauti, yasigombanie bolti moja. Mbele foki iwe na matundu katikati ya miguu yake kwa ajili ya keria ya chini, na fremu iwe na sehemu tatu za chupa. Afu angalia kalipa ya nyuma imekaa wapi. Ikiwa imefungwa kwa nje, juu ya bomba linalopanda kwenye siti, mguu wa keria utagongana nayo na utaishia kuweka vipande vya kuisogeza na bolti ndefu, na bolti ndefu yenye mzigo ndo hiyo inayokatika. Ikiwa imekaa ndani ya ile pembetatu ya nyuma, keria inapita bila shida. Ukipewa nafasi ya kuijaribu baiskeli funga mabegi ya pembeni kabisa, kanyaga pedali, angalia kisigino kinagusa begi au la. Fremu za kazi hii huwa na bomba la chini la nyuma, lile linalotoka kwenye kranki kwenda gurudumu la nyuma, refu, kama milimita 450 hadi 460, fupi zaidi ya hapo na una mguu mkubwa utapiga begi teke kila ukizungusha.

Breki. Diski zina faida ya wazi, mvua na matope haziziyumbishi kama za rimu, na rimu yako hailiki kwa kubanwa kila siku, hilo kwenye mteremko mrefu una mzigo ni jambo kubwa. Uamuzi ni waya au mafuta. Za mafuta ni laini mkononi na zinajirekebisha zenyewe pedi zikilika, lakini bomba likikatika mbali na fundi, umekwama. Za waya unabeba waya wa akiba kwenye begi na unaurekebisha kando ya barabara kwa alenki moja. Kwa safari za mbali mimi nachagua waya, ila sio waya wowote. Kuna kalipa ambazo pedi moja tu ndo inasogea, kama Avid BB7, inafanya kazi vizuri ila ile pedi isiyosogea inabidi uwe unaisogeza mwenyewe kwa kizungushio kadiri inavyolika, ukisahau diski inaanza kupindishwa upande mmoja. TRP Spyre inabana kutoka pande zote mbili, matunzo yake ni mepesi zaidi.

Kitu kinachowaumiza wengi wanaojiunganishia baiskeli wenyewe ni wenzo wa breki kutopatana na kalipa. Wenzo wa usukani uliokunjwa kwenda chini, yaani wa baiskeli za barabarani, unavuta waya kidogo kuliko wenzo wa usukani ulionyooka, kwa hiyo BB7 kwa mfano inatoka kwa aina mbili, ya barabarani na ya milimani. Ukiweka wenzo wa barabarani kwenye kalipa ya milimani, wenzo unafika mpaka kwenye usukani na breki haijashika vizuri, utadhani pedi ni mbovu utabadilisha utabadilisha wee. Na kama umechagua mafuta, jua ni mafuta gani, zingine zinatumia mafuta ya madini na zingine DOT, yaani aina ya mafuta ya breki za magari, hayo mawili hayachanganywi hata tone maana sili za ndani zinaharibika.

Diski za milimita 160 zinatosha watu wengi, mbele ukiweza weka 180 kama wewe ni mzito au mzigo ni mkubwa, ila hakikisha kwanza foki inaruhusu. Pedi za metali zinadumu na zinavumilia joto na matope, zile za resini zina utulivu hazipigi kelele lakini zinalika haraka, na soma maandishi kwenye diski yenyewe kwa sababu kuna diski zimeandikwa kabisa ni za pedi za resini tu. Hapohapo utaona na unene wa mwisho, za Shimano kwa mfano zinaanza na milimita 1.8 na ikifika 1.5 unatoa. Zikiwa mpya zizoeshe kabla hujabeba chochote, kimbiza kidogo, punguza taratibu mpaka karibu kusimama, rudia mara nyingi, ndo zinashika.

Gurudumu lazima lifungwe sawasawa kwa sababu breki ya diski inasukuma ekseli upande mmoja, na kalipa ikiwa nyuma ya mguu wa foki nguvu hiyo inaweza kuelekea kuitoa ekseli kwenye mdomo wake. Ndo maana ekseli ya kupenyeza, ile ya milimita 12 inayopita kwenye tundu zima, imekuja juu. Ya kubana kwa mkono haijafa na habu za nyuma za milimita 135 bado zipo nyingi, ila ukiwa nayo kagua wenzo wake kila asubuhi.

Spoku usizidharau, mzigo mwingi uko nyuma pale, 36 ni salama na 32 iliyojengwa vizuri inatosha kwa mtu mwepesi. Saizi ya tairi usiende kwa majina, angalia namba ya mwisho ubavuni: 559 ni inchi 26, 584 ni 650B, 622 ni 700C ambayo ndo hiyohiyo inaitwa inchi 29. Surly Disc Trucker, ambayo ni baiskeli ya chuma ya safari ndefu, imetengenezwa kwa 26 na kwa 700C, na uamuzi pale ni kimo chako na tairi gani zinapatikana unakoenda. Nafasi kwenye fremu itoshe tairi ya milimita 45 pamoja na madigadi, kipimo cha bila madigadi kinaweza kukudanganya.

Gia nitapita haraka. Usihesabu ziko ngapi, angalia nyepesi kuliko zote. Meno 26 mbele na 36 nyuma, ukigawanya ya mbele kwa ya nyuma, inakupa 0.72, na namba ikiwa ndogo gia ni nyepesi, kwa mlima na mzigo hiyo ni raha, wakati 30 kwa 34 ni 0.88 na hapo watu wanashuka wanasukuma. Na ile beringi ya kranki iwe ya kuskrubu, zile za kugongelea zinapiga kelele na zinataka vifaa maalum kuzitoa.

Saizi ya mwili wako usikadirie kwa urefu peke yake, panda, kaa muda mrefu kidogo, usukani usikulazimishe kujinyoosha sana kwa sababu safari ni masaa mengi sio mashindano. Afu weka mzigo halisi, shuka mteremko mdogo uone kama usukani unatetemeka. Ukitetemeka punguza mzigo wa nyuma uhamishie mbele kiasi, ujaribu tena, na kama bado unatetemeka basi achana na fremu hiyo.

Na kama baiskeli itasafiri kwa ndege, toa diski kwenye magurudumu uzifunge peke yake katikati ya makaratasi magumu maana zinapinda kwa kitu kidogo tu. Kwa breki za mafuta chomeka kipande cha plastiki kati ya pedi, mtu akibonyeza wenzo bila diski kuwepo pedi zinakutana na kuzitenganisha ni kazi ya bisibisi bapa na subira.