Jinsi ya Kusanifu Upya Duka la Mtandaoni la Mahitaji ya Wanyama wa Nyumbani

Wenye maduka ya mtandaoni wakiamua kuyasanifu upya, wengi huanza na rangi na nembo. Kwa duka la mahitaji ya wanyama, hapo si pa kuanzia. Mteja wako hajinunulii. Anamnunulia kiumbe asiyeweza kusema kwamba chakula kimemkataa au mkanda wa shingoni unambana. Ndiyo maana anaingia dukani na swali moja kubwa: je, hiki kinamfaa mnyama wangu? Hatua zote zinazofuata zinalenga kulijibu swali hilo mapema, kabla mteja hajachoka kutafuta.

Hatua ya 1: Kaa pembeni, tazama mtu akinunua

Kabla hujagusa chochote, tafuta watu watano wanaofuga na uwaombe wanunue kitu dukani kwako, kila mmoja kwa simu yake mwenyewe. Idadi hiyo ina msingi. Kwa hesabu iliyotokana na kazi ya watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer ya mwaka 1993, watu watano hutosha kuibua takriban asilimia 85 ya matatizo ya utumiaji. Hesabu hiyo inachukulia kuwa watu hao wanafanana na wanafanya kazi zilezile. Mwenye mbwa na mwenye tangi la samaki hawanunui kwa namna moja, hivyo kama unawahudumia wote wawili, fanya makundi mawili.

Wape kazi iliyo wazi: "Una paka wa miezi mitatu. Mnunulie chakula cha wiki mbili." Kisha nyamaza. Usielekeze, usitetee. Tazama kidole kinasita wapi na wapi mtu anarudi nyuma. Tukio utakaloliona mara nyingi ni hili: mtu anafungua ukurasa wa chakula, anaikuza picha ya mfuko kwa vidole viwili ili asome maandishi ya upande wa nyuma, picha inakuwa ukungu, anaondoka. Hapo umeshapata kazi ya kwanza, yaani maelezo yanayohitajika yamefungiwa ndani ya picha.

Hatua ya 2: Soma wanachoandika kwenye kisanduku cha kutafuta

Toa orodha ya maneno yaliyotafutwa na kuleta matokeo sifuri. Utakuta watu hawaandiki majina ya watengenezaji. Wanaandika "mbwa mzee", "paka anajikuna", "sungura hali". Yaunganishe maneno hayo na bidhaa husika, pamoja na makosa ya tahajia yanayojirudia. Kwa maneno yanayoashiria ugonjwa, kama sungura aliyeacha kula, juu ya matokeo weka sentensi fupi ya kumhimiza mteja amwone daktari wa wanyama. Sungura asipokula, hata kwa nusu siku tu, anaweza kuwa hatarini, na duka lisijifanye lina tiba.

Hatua ya 3: Panga rafu kwa mnyama, si kwa chapa

Andika majina ya bidhaa zako kwenye vikadi, uwape wateja kadhaa wazipange wanavyoona wao. Wengi wataanza na mnyama: mbwa, paka, ndege, samaki, sungura. Menyu yako nayo ianzie hapo. Bidhaa moja inaweza kukaa kwenye rafu mbili bila shida yoyote. Brashi ya manyoya ionekane kwa mwenye mbwa na kwa mwenye paka.

Ndani ya kila mnyama weka vichujio vya umri, uzito, aina ya chakula na ukubwa wa mfuko. Kila chaguo lionyeshe idadi ya bidhaa zilizopo, na lisilo na bidhaa lisibonyezeke. Kwenye simu, mruhusu mtu achague vichujio kadhaa kwanza ndipo ukurasa ubadilike, maana ukurasa unaoruka kila anapogusa humpotezea mahali alipokuwa.

Ukitaka mteja ahifadhi taarifa za mnyama wake, usimwombe mlangoni. Mwombe baada ya kununua mara ya kwanza, na uliza tarehe ya kuzaliwa badala ya umri. Umri hupitwa na wakati, ilhali tarehe italiwezesha duka kujua lini mbwa mchanga ataanza kula chakula cha mbwa wazima. Zingatia ukubwa pia: mbwa wadogo hukomaa karibu na mwaka mmoja, wale wakubwa sana huweza kufika miezi 18 hadi 24.

Hatua ya 4: Jenga upya ukurasa wa bidhaa

Hapa ndipo ningetumia nusu ya muda wote wa mradi, kwa sababu hapa ndipo mteja anaamua.

Anza na jina. Jina kama "Matone Plus M x3" halimwambii mnunuzi kitu. Liandike upya: "Matone ya viroboto na kupe, kwa mbwa wa kilo 10 hadi 20 pekee, dozi 3". Sasa mtu anajua ni nini, cha nani, na kiasi gani, kabla hata ya kufungua ukurasa.

Neno "pekee" limewekwa kwa sababu. Baadhi ya dawa za viroboto za mbwa zina permethrini, kemikali ambayo ini la paka haliwezi kuivunjavunja ipasavyo. Paka akipakwa dawa hiyo huweza kutetemeka, kupata degedege na hata kufa. Onyo hilo lisizikwe chini ya maelezo marefu. Liweke karibu na kitufe cha kununua, kwa maneno kamili, "Usimpake paka", na usitegemee rangi nyekundu au alama pekee. Kama taarifa zilizohifadhiwa zinaonyesha mteja ana paka, mkumbushe tena kwenye kikapu. Katika duka zima, hicho ndicho kipande cha maandishi ninachotaka kisomwe na watu wengi kabla hakijatoka.

Kwenye chakula, viambato viwe maandishi ya kawaida yanayosomeka na kutafutika. Kisha jibu maswali matatu papo hapo. Bei kwa kilo ni ngapi, ili mifuko ya ukubwa tofauti ilinganishwe? Mnyama wa uzito fulani anakula gramu ngapi kwa siku? Na mfuko utadumu muda gani? Hili la mwisho ni hesabu nyepesi ambayo maduka mengi humwachia mteja: mfuko wa kilo 12 kwa mbwa anayekula gramu 300 kwa siku utamtosha siku 40. Weka kisanduku kidogo cha uzito, na duka lipige hesabu. Ongeza pia ushauri wa kubadilisha chakula taratibu, kwa siku 7 hadi 10, ukichanganya cha zamani na kipya, la sivyo tumbo likiharibika bidhaa ndiyo italaumiwa.

Kwa mikanda ya shingoni, achana na "ndogo, ya kati, kubwa" bila vipimo. Toa sentimita, pamoja na picha inayoonyesha futi kamba inapopita shingoni na vidole viwili vikipenya kati ya mkanda na ngozi.

Hatua ya 5: Kikapu na malipo

Mifuko ya chakula na mchanga wa choo cha paka ni mizito, na usafirishaji wake ni ghali. Pets.com, duka la Marekani lililotangaza kufunga milango Novemba 2000, lilielemewa kwa sehemu na gharama za kusafirisha mizigo kama hiyo. Usiifiche gharama hiyo mpaka hatua ya mwisho. Ionyeshe kwenye ukurasa wa bidhaa au, ikishindikana, mara tu kitu kinapoingia kikapuni.

Mruhusu mtu anunue bila kufungua akaunti. Punguza visanduku vya kujaza, kivinjari kiruhusiwe kujaza anwani chenyewe, na sehemu ya nambari ya simu ifungue kibodi ya tarakimu.

Hatua ya 6: Kuagiza tena

Chakula kitaisha, mteja atarudi. Mwekee kitufe cha "Agiza tena" kwenye ukurasa wa kwanza akiwa ameingia kwenye akaunti. Kama una mpango wa kutuma mzigo kila baada ya muda fulani, kuruka, kusogeza tarehe na kusitisha viwe rahisi sawa na kujiunga.

Kuna jambo ambalo wasanifu wengi hawalipangi: wanyama hufa. Mtu aliyefiwa na mbwa wake hastahili kupokea ujumbe wa "Chakula chake kinakaribia kuisha!" Weka njia ya kumwondoa mnyama kwa mguso mmoja au miwili, isiyouliza sababu, itakayosimamisha vikumbusho na mizigo yote inayomhusu. Maneno ya kuthibitisha yawe mafupi na ya upole. Lijaribu hili kabla ya kuzindua, hadi kwenye barua pepe za matangazo.

Hatua ya 7: Kasi na usomekaji

Vigezo vya Google ni vipimo vizuri: kipande kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na vitu visihamehame wakati unapakia. Kosa la kawaida ni picha nzito. Zipunguze, na uandike upana na urefu wa kila moja kwenye msimbo. Maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa rangi wa angalau 4.5 kwa 1 dhidi ya usuli. Vitufe viwe na pikseli 44 au zaidi kila upande, kwa sababu mtu mwenye mbwa mara nyingi ana mkono mmoja tu ulio huru.

Hatua ya 8: Hamia kidogo kidogo

Usibadilishe duka lote usiku mmoja. Anza na ukurasa wa bidhaa wa mnyama mmoja, pima, kisha endelea na wengine. Kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye ukurasa mpya unaolingana nayo kwa msimbo wa 301 (ishara kwamba ukurasa umehama kwa kudumu), usizirushe zote kwenye ukurasa wa kwanza. Pamoja na mauzo, fuatilia utafutaji unaoleta sifuri na bidhaa zinazorudishwa kwa sababu ya "haikumtosha" au "si ya mnyama wangu". Bidhaa inayorudishwa sana kwa sababu hizo, fungua ukurasa wake na uanze kurekebisha jina na vipimo.