Jinsi ya kuomba msaada wa hisani kwa askari mstaafu mwenye majeraha na familia yake: mwongozo kwa walio Mbeya, Iringa na Njombe

Baba mkubwa alirudi kutoka Vita vya Kagera mwaka 1979 akiwa amekatwa mguu wa kushoto, chini ya goti. Sisi watoto wa Uyole tulimjua kwa mlio wake: gongo, mguu, gongo, mguu. Ikifika Juni na baridi ikaingia kisawasawa, alikuwa anakizungushia kisiki kipande cha blanketi na kukaa jikoni karibu na jiko la mkaa tangu alfajiri. Mguu wake wa bandia ulipopasuka, ndipo nilipojifunza kuandika maombi. Tangu hapo nimewaandikia wazee na wajane kadhaa, na nimeona jambo moja likijirudia. Maombi mengi hayakwami kwa kukosa mtu wa kuyahurumia. Yanakwama kwa sababu karatasi hazisemi askari ni nani, jeraha ni lipi, na kinachoombwa ni kitu gani kwa bei gani.

Tenganisha haki na hisani kabla ya kushika kalamu

Pensheni, kiinua mgongo na fidia ya kuumia kazini si hisani. Hizo ni haki, zinafuatiliwa jeshini na Hazina, na hakuna kanisa wala msikiti utakaozilipa badala yao. Nimeona familia ikizunguka miaka kuomba misaada midogo midogo huku mafao ya marehemu yamelala kwa sababu hakuna aliyefungua mirathi. Kama mzee amefariki, anzeni na cheti cha kifo kutoka RITA, kisha kikao cha ukoo chenye muhtasari uliosainiwa, kisha Mahakama ya Mwanzo ili msimamizi wa mirathi ateuliwe. Akishateuliwa, msimamizi ana miezi minne ya kurudisha mahakamani orodha ya mali. Mama, usikubali kuambiwa kwamba hayo ni mambo ya wanaume wa ukoo. Mjane anaweza kuteuliwa kuwa msimamizi kama mtu mwingine yeyote.

Askari ambaye bado yuko kazini aanzie kwa mkuu wa kikosi chake. Mwongozo huu ni wa wastaafu, wajane na watoto.

Thibitisha utumishi

Nenda ofisi ya Mshauri wa Jeshi la Akiba wa wilaya yako. Huyu ni ofisa wa JWTZ anayekaa kwenye ofisi za mkuu wa wilaya, na watu wengi hawajui kwamba yupo. Beba cheti au barua ya kustaafu, kitambulisho cha Taifa, na zaidi ya vyote namba ya jeshi: ile inayoanza na MT kwa askari, au P kwa maofisa. Kama karatasi zimeliwa na mchwa, tafuta namba hiyo kwenye barua za zamani, kitabu cha benki, hata nyuma ya picha. Ya baba mkubwa tuliikuta imechongwa kwa msumari kwenye kifuniko cha sanduku lake la bati. Omba barua fupi inayothibitisha kwamba mtu huyu alitumikia, mwaka gani hadi mwaka gani.

Wenye kazi ngumu zaidi ni wazee waliokwenda Kagera wakiwa mgambo. Walichukuliwa vijijini kwa maelfu, wakapigana, wakarudi kulima mahindi, na wengi hawana hata kipande cha karatasi. Kwao nashauri hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, pamoja na maelezo ya mashahidi wawili waliokuwa naye vitani. Waandike mambo yanayoweza kupimwa: walifundishwa wapi, kamanda wao aliitwa nani, waliingia Uganda kupitia njia ipi, mwenzao aliumia wapi. Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, wazee hukusanyika kwenye maadhimisho. Mpeleke mzee wako siku hiyo akiwa amevaa vizuri, maana mashahidi utawapata pale pale kuliko kuzunguka milimani kuwatafuta.

Wapo pia wazee wachache sana, na wajane wao, waliotumikia Keya, yaani King's African Rifles (KAR), kabla ya uhuru wa 1961. Hao walikuwa jeshi la Mwingereza, kwa hiyo wana mlango wao: Royal Commonwealth Ex-Services League, chama kilichoanzishwa mwaka 1921 kuwasaidia waliotumikia jeshi hilo katika nchi za Jumuiya ya Madola. Kama bibi yako wa Tukuyu au Kilolo bado anatunza karatasi ya Keya ya marehemu, usiiache kijijini. Itoe kopi leo.

Karatasi ya daktari

Hapa tulia. Hapa ndipo maombi ya baba mkubwa yalipoanguka mara ya kwanza. Tulipeleka cheti kilichosema tu "mgonjwa ana ulemavu wa mguu." Shirika moja likatujibu kwamba ulemavu ni mwingi, wao hawajui wamsaidie nini. Nilikasirika sana wakati ule. Baadaye nilielewa kwamba yule aliyesoma hakuwa na namna ya kuliona kovu.

Mwombe daktari aandike mambo manne. Kiungo kimekatwa wapi hasa, juu au chini ya goti, juu au chini ya kiwiko. Kisababishi ni nini: risasi, bomu la kutegwa, ajali ya gari la kikosi. Hali ya leo ikoje: kisiki kina kidonda au kimepona, goti linakunjika, mkono wa kushikia gongo una nguvu. Na la nne, kinachohitajika sasa. Kwa Nyanda za Juu Kusini, rufaa nyingi huishia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na daktari wa mifupa ndiye wa kuonana naye. Wengine hupelekwa CCBRT Dar es Salaam au KCMC Moshi, ambako pia wanafundishwa mafundi wa viungo bandia.

Ukiomba mguu wa bandia, omba na vinavyoufuata. Kisiki husinyaa kadiri miaka inavyokwenda, na ile sehemu ya mguu inayokivaa kisiki huanza kucheza na kuchubua ngozi. Baba mkubwa alikuwa akivaa soksi tatu, moja juu ya nyingine, ili mguu usimtoke, na bado alirudi kutoka Mwanjelwa na damu kwenye soksi ya ndani. Kwa hiyo ndani ya makadirio weka soksi za kisiki, marekebisho, nauli ya mgonjwa na msindikizaji, na malazi ya siku za kupimwa na kufundishwa kutembea. Familia nyingi hupewa mguu kisha hukosa nauli ya kwenda kuuchukua. Karakana ya viungo bandia itakupa profoma, yaani karatasi ya makadirio ya bei, yenye muhuri. Iambatanishe.

Kuna majeraha yasiyoonekana. Mzee anayeamka usiku akipiga kelele, asiyeweza kukaa penye mlio wa fataki, anayekunywa ili alale, naye ameumia. Usiandike kwamba amerogwa wala kwamba ni mkorofi. Mpeleke kliniki ya afya ya akili hospitalini, cheti chake kina uzito uleule.

Barua ya mtaa na ya ustawi

Mwenyekiti wa mtaa au kijiji atakuandikia barua ya utambulisho, mtendaji ataigonga muhuri. Kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na umwombe aje nyumbani. Ripoti ya aliyeona paa linalovuja kwa macho yake inasaidia kuliko kurasa tatu zako. Ukiwa hapo hapo, uliza kuhusu mkopo usio na riba wa halmashauri: asilimia 2 ya mapato ya ndani imetengwa kwa watu wenye ulemavu, na askari aliyekatwa kiungo ni mmoja wao.

Peleka wapi

Anza karibu. Makanisa yana idara za huduma za jamii: Wamoravian, na Wakatoliki kupitia Caritas, kwa Mbeya; KKKT kwa dayosisi za Konde na Iringa. Waislamu waulizie mfuko wa zaka msikitini na ofisi ya BAKWATA ya wilaya. Huhitaji kuwa muumini wao, ila uliza kwa adabu, na umwone kwanza mchungaji, padri au shehe wa eneo lako akuandikie. Muungano wa Wanajeshi Wastaafu, MUWAWATA, nao ni wa kuusogelea, hasa kwa sababu wazee wenzake wanajua lugha ya jeshi na watasoma namba ya MT bila kuuliza ni kitu gani. Kwa Iringa, kijana mwenye ulemavu anayetafuta ujuzi na kazi, si fedha, aende Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha. Wanaofanya kazi pale wenyewe ni watu wenye ulemavu.

Kwa watoto, usiombe ada ya shule ya serikali. Msingi hadi kidato cha nne ada ilifutwa mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022, kwa hiyo msomaji atadhani hujui unachoomba. Omba sare, madaftari, godoro, nauli ya bweni. Aliyefika chuo aombe mkopo Bodi ya Mikopo. Yatima ahakiki cheti cha kifo cha mzazi RITA mapema, maana dirisha la maombi ya mkopo likishafunguliwa foleni inakuwa ndefu.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja. Anwani, tarehe, kisha YAH: MAOMBI YA MGUU WA BANDIA KWA ASKARI MSTAAFU. Ruka "husika na kichwa cha habari hapo juu", nenda moja kwa moja:

"Mimi ni mtoto wa kaka wa askari mstaafu aliyejeruhiwa Uganda mwaka 1979 na kukatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Mguu wa bandia anaotumia umepasuka tangu Machi. Tunaomba mguu mmoja na gharama za kuufunga, kama ilivyo kwenye profoma na makadirio yaliyoambatanishwa. Familia itachangia chakula cha siku zote za matibabu."

Sentensi ya mwisho iweke hata kama mchango wenu ni mdogo. Omba kitu kimoja kwa barua moja. Anayeomba mguu, bati, mbegu na ada kwa pamoja humwachia msomaji kazi ya kuchagua, na msomaji huweka faili pembeni. Mzee asomewe barua kabla hajasaini. Picha ya jeraha ipigwe kwa ridhaa yake, na uandike kwamba ni ya kuambatanisha tu, isitumike kwenye matangazo bila kumuuliza.

Kupeleka na kufuatilia

Peleka kwa mkono. Nenda na nakala ya pili na usitoke mlangoni kabla haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ofisi moja ilitupotezea bahasha nzima, na kilichotuokoa ni nakala ile. Vyeti halisi havibaki ofisini, huachwa kopi zilizothibitishwa.

Vishoka wapo, hasa karibu na ofisi za serikali. Anayetaka hela ya fomu, hela ya "kusukuma faili", au namba ya siri ya simu ili "fedha ziingie", mwache. Shirika halali lina namba ya usajili na litakuonyesha ukiomba.

Baada ya wiki nne pita kuuliza, na mzee akiweza kutembea mwende naye. Ukiambiwa bajeti imekwisha, uliza mwaka wao wa fedha unaanza lini, wa serikali ni tarehe 1 Julai, wengine Januari, na uandike kwenye jalada la bahasha mwezi wa kurudi. Sisi tulirudi mara tatu. Mara ya tatu yule dada wa mapokezi alimwamkia baba mkubwa shikamoo kabla hatujaketi, akatoa faili bila kuuliza jina.