B moja, pointi tofauti
Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yakitoka, hapa Nakuru saiba (maduka ya intaneti) hujaa watu wanaouliza, "B yangu inaingia kozi gani?" Gredi pekee haitoshi kujibu. C+ inakufungulia mlango wa digrii, basi. Kozi yenyewe huamuliwa na pointi za klasta, yaani za masomo manne yanayohusiana na kozi hiyo zikichanganywa na jumla yako, na hizo unaweza kuzikadiria kwa simu.

A ni 12, A- ni 11, ukishuka hivyo hadi E yenye 1. Jumlisha masomo manne ya klasta ya kozi unayoitaka, ugawe kwa 48. Jumla ya masomo saba yanayotoa gredi yako ya wastani igawe kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Chukua wawili wenye B ya jumla ya pointi 63 kwa masomo saba. Mmoja ana 40 kwenye klasta: anapata kama 37.9. Mwenzake ana 34: 35.0 hivi. Gredi ile ile, na mmoja anaweza kuachwa nje ya kozi katika chuo kikuu cha Egerton au Maseno.

Ni makadirio, kwani KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, hupima pia ubora wa matokeo kwa undani zaidi. Linganisha na pointi za chini kabisa zilizoingia kozi hiyo mwaka uliopita, ila usizishike kama ahadi, maana hubadilika kila mwaka.