Kuosha kompresa ya turbini ya LM2500 melini, hatua kwa hatua

Mwongozo huu umetokana na kumwelekeza fundi kijana aliyezoea injini za dizeli kabla ya kuhamia kwenye turbini. Unahusu LM2500, mtambo wa turbini ya gesi uliotokana na injini ya ndege ya TF39, ambao manowari za Marekani za aina ya Arleigh Burke hubeba minne kila moja. Chumvi ya bahari hupenya vichujio na kuganda kwenye mapanga (vile vinavyozunguka na kusukuma hewa) ya kompresa, sehemu inayoshindilia hewa kabla ya mafuta kuchomwa, hewa ikapungua, na ili nguvu ibaki ileile mafuta zaidi huchomwa na joto la gesi hupanda.

Hatua ya 1. Mtambo ukiwa kwenye mzigo uliotulia, andika shinikizo la hewa itokayo kwenye kompresa, joto la gesi iingiayo turbini ya nguvu (ile inayozungusha mzigo), kasi ya mzunguko na joto la hewa ya nje.

Hatua ya 2. Zima mtambo, funga mafuta, ondoa umeme wa viwashio, kisha subiri upoe hadi kiwango kilichotajwa kwenye kitabu cha matengenezo cha mtambo.

Hatua ya 3. Tenganisha na kuziba vijibomba vya kupimia shinikizo. Hapa usiharakishe hata kidogo. Kijibomba kinachopeleka shinikizo la kompresa kwenye kidhibiti mafuta ni chembamba, na matone machache yakibaki ndani yake hupotosha kipimo, ambapo mtambo unaweza kusita kupanda kasi wakati wa kuwashwa, nawe ukamaliza siku nzima ukishuku stata (kifaa cha kuanzisha mzunguko), viwashio na nozeli za mafuta ambazo hazina kosa lolote. Ziba ncha zote mbili, kwa kuwa kuziba upande mmoja tu huacha mwanya. Funga utepe mwekundu kwenye kila kizibo, uandike idadi ya vizibo kwenye daftari la zamu, na wakati wa kurudisha, puliza hewa kavu kuelekea kompresa, kamwe si kuelekea kidhibiti. Vali za kuchukulia hewa kutoka kwenye kompresa nazo zifungwe, la sivyo maji ya sabuni yatasafiri hadi kwenye mabomba mengine ya meli.

Hatua ya 4. Zungusha kwa stata bila mafuta huku ukinyunyiza sabuni, simamisha iloweke, kisha suuza hadi maji yatokayo kwenye matundu ya chini yawe maangavu. Heshimu muda wa stata kupumzika. Mimi hutumia sabuni ya kuchanganywa na maji pekee, kwani zile zenye kemikali za kuyeyushia huacha mabaki yanayoweza kushika moto. Na maji yawe yaliyoondolewa madini, maana ya bombani huacha madini yake kwenye mapanga yaleyale. (Wapo wanaosifu kuosha mtambo ukiwa kazini. Huchelewesha uchafu, lakini hakuchukui nafasi ya kuloweka.)

Hatua ya 5. Acha maji yote yatoke, hesabu vizibo, unganisha vijibomba, kisha washa na uuache kwenye mzunguko wa chini hadi ukauke.

Hatua ya 6. Rudia vipimo vya hatua ya 1 kwa mzigo uleule, ukisahihisha tofauti ya joto la hewa. Iwapo shinikizo halikupanda wala joto la gesi halikushuka, usioshe tena. Ingiza boroskopu (kifaa chembamba cha kutazamia ndani ya mtambo) ukague mapanga, ukianzia safu za mbele.